Kuacha Kazi kwa Bosi Mnyanyasaji Bila Kuacha Haki Zako: Mwongozo kwa Mwajiriwa wa Sekta Binafsi

Tangu nilipoacha kazi ya kutunza stoo hapa Kigoma mjini, haupiti mwezi bila mtu kunifuata, ama sokoni Mwanga ama nyumbani baada ya magharibi, akiwa na maswali yale yale. Bosi ananitukana mbele ya wateja, niache leo leo? Nikiacha nitalipwa nini? Barua niiandikeje? Wengine huja wakiwa wameshaiandika barua na kuikabidhi, na hao ndio ninaowaonea huruma zaidi, kwa kuwa mimi nami nilianza na barua. Niliandika kwamba naacha kazi "kwa sababu binafsi", kwani nililelewa kutomvunjia heshima mkubwa hata anapokosea. Tulipofika mbele ya msuluhishi, mwakilishi wa mwajiri hakujibu hata shutuma moja kati ya zile nilizozieleza. Aliitoa barua yangu kwenye bahasha, akailaza mezani, akaweka kidole kwenye maneno hayo matatu. Niliondoka na mshahara wa mwezi na malipo ya likizo, basi.

Mwongozo huu unamhusu mwajiriwa wa duka, ghala, kiwanda, hoteli, shule binafsi au kampuni ya usafirishaji. Mtumishi wa umma ana njia yake, inayopitia kwa mwajiri wake na mamlaka yake ya nidhamu hadi Tume ya Utumishi wa Umma, na hatua hizi asizifuate kama zilivyo.

Sheria unayohitaji kuifahamu kabla ya kuanza ni fupi. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pia pale mfanyakazi anapoacha mwenyewe kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Na. 42, zinaongeza sharti katika kanuni ya 7: kama lalamiko lako ni kutendewa isivyo haki, uwe umetumia kwanza njia zilizopo za kupeleka malalamiko, isipokuwa una sababu ya msingi ya kutozitumia. Aidha, ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumfikii aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo kwa muda wa chini ya miezi sita. Kwa hiyo barua ya kuacha kazi haiandikwi mwanzoni, bali baada ya hatua tano za kwanza zilizoelezwa hapa.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mkataba au barua ya ajira. Kama hukuwahi kupewa, usikate tamaa, kwa kuwa mwajiri ndiye anayepaswa kukupa masharti ya kazi kwa maandishi, na mgogoro ukifika mbele akashindwa kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Tunza ujumbe wa simu wa kuingia kwa mshahara, hati za mshahara na taarifa ya michango yako ya NSSF yenye jina la mwajiri.
- Kitambulisho cha NIDA, au angalau namba yake.
- Daftari dogo, la mkono, lisilokaa ofisini.
- Akiba ya chakula na kodi ya nyumba ya miezi mitatu, na ikiwa mwenye nyumba wako hudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, panga kuondoka baada ya kuilipa, si kabla.
- Mtu mmoja mwenye akili tulivu wa kukusomea barua kabla hujazipeleka. Asiwe mtu wa pale kazini.

Hatua

1. Usiandike chochote siku uliyotukanwa.

Lala kwanza, kisha jiulize kama bosi wako ni mkali au ni mnyanyasaji, kwa kuwa hao ni watu wawili. Bosi anayekukaripia kwa sababu hesabu ya magunia haikulingana na leja ni mkali, na huenda ana haki. Bosi anayekuita mbwa mbele ya kuli, anayekunyima likizo wewe peke yako, anayekupangia zamu ya usiku kila unapolalamika, au anayekwambia "nitakuitia Uhamiaji" kwa sababu tu jina lako ni la Kiha na kwenu ni Buhigwe, huyo ni mnyanyasaji. Tishio hilo la mwisho tunalijua vizuri watu wa mkoa huu wa mpakani. Libebe kwa uzito wake, kwa kuwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinakataza ubaguzi kwa misingi ya utaifa, kabila na mahali mtu alikotoka, na kinautaja unyanyasaji wa misingi hiyo kuwa ni aina ya ubaguzi.

Onyo: kama umepigwa, umeshikwa mwili bila ridhaa yako au umetakiwa ngono ili ulinde kazi, hatua za kusubiri hazikuhusu. Ondoka mahali hapo, nenda polisi uombe fomu ya PF3 kabla ya matibabu kama umeumizwa, na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto. Kudai ngono kwa kutumia cheo ni kosa chini ya sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa zake.

2. Anza daftari leo.

Kila tukio liandikwe siku hiyo hiyo, kwa tarehe, saa, mahali, maneno yenyewe na majina ya waliokuwepo. Usiandike "bosi alinidhalilisha tena", kwa kuwa sentensi hiyo haimwambii mtu chochote. Ukurasa mmoja wa daftari langu, ambao nilijifunza kuuandika nikiwa nimeshachelewa, unasomeka hivi: "Jumanne tarehe 7, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mlango wa stoo. Lori la maharage la Kasulu linashushwa. Bosi amesema, 'Wewe kichwa maji, hata ng'ombe anajua kuhesabu.' Amenirushia kitabu cha stakabadhi, kimenigonga bega la kushoto. Waliokuwepo: dereva, kuli watatu, karani wa mapokezi." Matusi yaandike kama yalivyotamkwa, hata yakiwa machafu kiasi gani. Ninajua mkono husita, wangu ulisita. Lakini ukiyalainisha, anayesoma atadhani bosi alikuwa akitania.

Muda wa kazi nao uandike. Sheria inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Wanyanyasaji wengi ni wezi wa saa pia, na deni la saa ni rahisi kulithibitisha kuliko tusi.

3. Kusanya ushahidi, ila wako tu.

Piga picha za skrini za ujumbe wa simu na za kundi la kazi la WhatsApp, hakikisha namba na tarehe zinaonekana, kisha zitume kwenye barua pepe yako binafsi, na simu yenye ujumbe halisi usiiuze wala usiifute. Kama ulikwenda zahanati kwa shinikizo la damu au kukosa usingizi, tunza cheti. Ongea na shahidi mmoja au wawili polepole, bila kuwalazimisha, kwa kuwa nao wana watoto wa kulisha.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni mfanyakazi kubeba leja ya kampuni, orodha ya wateja au nyaraka za mauzo akiamini anajilinda. Hapo umempa mwajiri shtaka dhidi yako, na habari ya manyanyaso imefunikwa na habari ya wizi wa nyaraka. La pili ni kumwanika bosi mitandaoni. Tangu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, maneno ya hasira uliyoyaandika saa nne usiku yanaweza kukupeleka wewe polisi kabla yake.

4. Lalamika kwa maandishi, mara mbili.

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo kanuni ya 7 inayoiulizia. Barua ya malalamiko iende kwa mtu aliye juu ya bosi wako au kwa rasilimali watu. Iwe ya ukurasa mmoja, itaje matukio matatu au manne kutoka kwenye daftari, na imalizie kwa ombi linalotekelezeka: kuhamishiwa kitengo kingine, kikao cha pamoja, au onyo kwa mhusika. Peleka nakala mbili. Moja inabaki kwao, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa au isainiwe na karani kwa jina na tarehe, kisha urudi nayo nyumbani. Barua isiyo na alama ya kupokelewa ni sawa na barua iliyobaki mfukoni.

Subiri wiki mbili. Usipojibiwa, peleka ukumbusho mfupi unaotaja tarehe ya barua ya kwanza. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa mfano TUICO kwa viwanda na biashara au CHODAWU kwa mahoteli na kazi za nyumbani, mpe kiongozi wa tawi nakala. Kwa wale ambao bosi ndiye mwenye mali na juu yake hakuna mtu, mwandikie yeye mwenyewe, kisha mweleze Afisa Kazi wa mkoa, ili ionekane kwamba uligonga mlango uliokuwepo.

Wapo watakaoshangaa kuona malalamiko yamesikilizwa na bosi amebadilika. Hutokea. Ukiwa mmoja wao, mwongozo wako unaishia hapa, na daftari liendelee kukaa kabatini.

5. Hesabu fedha kabla ya kusaini kitu.

Anayeacha kazi bado ana haki ya mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakwenda na sehemu ya likizo ya mwaka unaoendelea. Likizo ya mwaka ni siku 28, na kwa mwaka usiokamilika hesabu ni mshahara wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Kama uliajiriwa Dar es Salaam ukaletwa kufanya kazi Kigoma, dai usafiri wako na wa mizigo yako hadi ulikoajiriwa. Kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira ya aliyefikisha miezi 12, kwa hiyo aliyeandika kwamba ameacha kwa hiari yake amejifungia mlango huo. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyeacha kazi kwa kupenda. Sasa unaona maneno yangu matatu yalivyokuwa ghali.

Angalia pia madeni. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara hauondoki kwa sababu umeondoka wewe, na ni afadhali uende kuzungumza na benki mapema kuliko kupigiwa simu. Vivyo hivyo kwa SACCOS na kikoba, hasa kama wadhamini wako ni wafanyakazi wenzako. Kadi ya bima ya afya itakoma, kwa hiyo kama mtoto ana matibabu yanayosubiri, apelekwe kabla.

6. Andika barua ya kuacha kazi.

Kwanza tazama aina ya mkataba. Kwa mkataba usio na ukomo unaolipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28 au zaidi kama mkataba unavyosema, na notisi hiyo ndefu lazima iwe sawa kwa pande zote mbili. Ukiwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi ni siku 7, na kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku 4. Kwa mkataba wa muda maalumu, tuseme wa miaka miwili, mambo ni magumu zaidi: unaweza kuuvunja kabla ya wakati pale mwajiri amekiuka mkataba kwa kiwango kikubwa, au mkikubaliana. Hapo usiende peke yako. Tafuta msaidizi wa kisheria, kwa kuwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua na huwahudumia wasio na uwezo bila malipo.

Mfano wa barua ambayo natamani ningeiandika:

"Yah: Kuacha kazi kutokana na mazingira ya kazi kutovumilika. Nakujulisha kwamba naacha kazi yangu ya utunzaji wa stoo, na siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe 5 Mei. Sikufikia uamuzi huu kwa kupenda. Tangu mwezi Januari nimekuwa nikitukanwa na msimamizi wangu mbele ya wenzangu, na tarehe 7 Machi nilirushiwa kitu mwilini, kama nilivyoeleza katika malalamiko yangu ya tarehe 10 Machi na ukumbusho wa tarehe 24 Machi, ambayo hayakujibiwa. Hali hiyo imenifanya nishindwe kuendelea na kazi. Naomba nilipwe stahiki zangu zote na nipewe cheti cha utumishi."

Barua hii haina tusi, na haina shukrani ya "kwa kipindi chote tulichofanya kazi kwa upendo". Shukrani hiyo huandikwa na mazoea ya adabu, kisha husomwa kama ushahidi kwamba kulikuwa na upendo. Ukitaka kushukuru, mshukuru mtu kwa mdomo.

Ukiona huwezi kumaliza siku za notisi kwa sababu ya usalama au afya, eleza hivyo ndani ya barua. Ukiondoka tu kimya, mwajiri anaweza kukata kwenye malipo yako kiasi cha siku ambazo ungefanya kazi.

7. Kabidhi kazi kwa orodha.

Kwa mtunza stoo, mhasibu au mtu wa kaunta, hapa ndipo bosi mwenye kinyongo hutegea. Hesabuni mali mkiwa wawili au watatu, andikeni taarifa ya makabidhiano, msaini kila ukurasa, nawe ubaki na nakala. Piga picha funguo zikiwa juu ya meza ya aliyezipokea. Usisaini hati inayosema "nimelipwa haki zangu zote na sina dai lolote" kabla fedha haijaingia na kabla hujaihesabu. Cheti cha utumishi ni haki yako wakati ajira inapokoma, na hakihitaji kuombwa kwa magoti.

8. Nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Hiyo ndiyo ofisi ambayo wengi wanaiita CMA, na Kigoma mjini ipo. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa ndani ya siku 30 tangu ajira ilipokoma. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60. Jaza fomu namba 1, mpe mwajiri nakala akiwa amesaini kuipokea, kisha wasilisha fomu na uthibitisho huo ofisini. Kila dai liandike na kiasi chake, kwa kuwa ulichokisahau kwenye fomu ni vigumu kukipata baadaye. Usuluhishi hupewa siku 30, na ukishindikana shauri huenda kwenye uamuzi, ambako daftari, nakala zenye muhuri na mashahidi vitapimwa. Kumbuka kwamba katika shauri la namna hii ni wewe unayeanza kuthibitisha kwamba ulisukumwa, tofauti na aliyefukuzwa waziwazi.

Mambo yakienda kombo

Bosi amekataa kupokea barua. Itume kwa barua pepe au WhatsApp, kisha peleka nakala kwa posta kwa njia ya rejista na utunze stakabadhi. Nenda na shahidi mara moja tu. Ukienda mara tatu utaonekana unatafuta ugomvi.

Umekabidhi barua ya notisi, naye anasema "usikanyage hapa kesho". Mtumie ujumbe jioni hiyo: "Leo umeniambia nisirudi kazini ingawa notisi yangu inaishia tarehe 5 Mei. Niko tayari kuendelea kufanya kazi." Asipojibu, umebaki na ujumbe wako. Akijibu kwa tusi, umebaki na mawili.

Anadai upotevu wa mali ili akate mshahara wote. Makato ya hasara yanahitaji uwe umekubali kwa maandishi, uelezwe kiasi na chanzo chake, upewe nafasi ya kukipinga, na yasizidi robo ya mshahara wako. Taarifa ya makabidhiano ya hatua ya 7 ndiyo itakayozungumza hapa.

Ameshikilia vyeti vyako halisi vya shule. Andika barua ya kuvidai ukitaja kila cheti kwa jina, gongesha muhuri nakala, kisha nenda kwa Afisa Kazi. Na kwa ajira ijayo, peleka nakala zilizothibitishwa, vyeti halisi vionwe tu na kurudi nawe siku hiyo hiyo.

Ametekeleza tishio la Uhamiaji. Usikimbilie Ujiji kujificha kwa shangazi, maana kukimbia kunageuzwa kuwa jibu. Nenda na kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa na, kama hivyo havipo, barua ya mwenyekiti wa kijiji au mtaa wenu. Ujumbe aliokutumia wa kukutishia uweke pamoja na ushahidi wa hatua ya 3.

Siku 30 zimeshapita. Shauri halijafa, lakini itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya kuchelewa kila siku uliyochelewa. Ugonjwa wenye cheti husikilizwa, na safari ya msiba huko Kibondo yenye tiketi ya basi hupimwa. Mimi nilipouliza kwa niaba ya jirani yangu aliyechelewa siku 41 kwa sababu "alikuwa anamwachia Mungu", karani wa pale alikuwa mpole sana. Alimpa kiti, akampa fomu, akamwambia aandike sababu nyingine iliyo ya kweli kama anayo.